Kielelezo cha lugha kinapokwama: utatuzi wa matatizo ya semantiki katika Redex

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanaojenga kielelezo cha semantiki ya lugha ya programu kwa kutumia Redex, zana iliyomo ndani ya Racket. Zana hii humwezesha mtu kuandika sarufi ya lugha, kanuni za kupunguza semi hatua kwa hatua na mfumo wa aina, kisha akaziendesha kanuni hizo na kuzifanyia majaribio badala ya kuziacha karatasini. Wanaotumia K, mfumo mwingine wa kuandika semantiki, watakuta dalili nyingi ni zilezile, ingawa majina na maandishi yanatofautiana.

Mifano yote inatokana na lugha ndogo ya malipo ambayo kikundi chetu hapa Mbeya kinaiandaa kwa makarani wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Karani anaandika kanuni ya malipo ya kahawa ya Mbozi, chai ya Rungwe au viazi vya Njombe, na lugha inakokotoa stahili ya mkulima baada ya makato. Ina namba kamili, aina mbili za kiasi ambazo ni Kilo na Shilingi, maneno `acha` na `kama`, fanksheni, na visanduku vya ghala vinavyotunza jumla ya msimu. Gunia hatukulifanya aina ya kiasi, kwa sababu gunia la lumbesa na gunia lililoshonwa kwa kipimo halali si kiasi kimoja, na lugha inayoruhusu yajumlishwe ingekuwa inahalalisha kwa hesabu jambo ambalo wakulima wamelipigia kelele kwa miaka mingi. Lugha ni ndogo, lakini kila kosa la maana yake litaishia katika fedha ya mtu aliyepalilia shamba, na hiyo ndiyo sababu ya kutaka maana ya kila usemi ijulikane kabla ya programu ya simu kuandikwa.

Kabla ya kugusa kanuni yoyote, amua kosa linaweza kuwa wapi. Linaweza kuwa katika sarufi, katika kanuni za upunguzaji au za aina, katika dai unalolijaribu, au katika jaribio lenyewe. Watu wengi hukimbilia kanuni kwa sababu ndizo zilizowachukua muda mrefu kuandika, ilhali dai lisilo la kweli na jaribio lisilopima kitu hutokea mara nyingi vilevile, na kurekebisha kanuni iliyo sahihi ili dai baya lipite ni kuharibu kielelezo kizima.

## Usemi umekwama ingawa kanuni yake ipo

Dalili hii ndiyo ya kwanza kwa karibu kila anayeanza. Umeandika kanuni ya kujumlisha, `(jumlisha 3 3)` inatoa 6, lakini `(jumlisha 3 4)` haisogei. Tazama kanuni yako, ambamo `n` ni namba yoyote:

```
(--> (jumlisha n n)
     ,(+ (term n) (term n)))
```

Katika upande wa kushoto wa kanuni, jina moja likitajwa mara mbili Redex huchukulia kuwa sehemu zote mbili ni lazima ziwe sawa. Kanuni hii kwa hiyo inasema habari za namba inayojumlishwa na nafsi yake, wala haina la kusema kuhusu 3 na 4. Sahihi ni kuandika `n_1` na `n_2`. Kinachowachanganya watu ni kwamba ndani ya `define-language`, mahali pa kuandika sarufi, kurudia jina bila mstari wa chini hakuleti sharti hilo, kwa hiyo `(jumlisha n n)` katika sarufi ni halali kabisa, na mtu akiinakili kutoka huko hadi kwenye kanuni maana yake inabadilika bila onyo lolote.

Ukiandika `n1` badala ya `n_1`, kosa linakuwa la siri zaidi. Redex haitambui `n1` kuwa namba ya aina yoyote. Inalichukua kama neno halisi la lugha yako, na kanuni itangoja usemi wenye neno `n1` ndani yake, ambao hautakuja. Hakuna ujumbe wa kosa, kwa sababu ruwaza, yaani umbo ambalo kanuni hulilinganisha na usemi, ikitaja neno halisi bado ni halali. Njia ya kulibaini ni kutumia `redex-match` kwa ruwaza hiyo peke yake dhidi ya usemi uliokwama: ikirudisha `#f`, kosa liko katika ruwaza, na hakuna haja ya kupekua upande wa kulia.

Ruwaza ikilingana lakini usemi bado haupungui, angalia muktadha wa ukokotoaji, `E`, ambao tundu lake linaonyesha mahali ndani ya usemi ambapo hatua inayofuata inaruhusiwa (`e` ni usemi wowote). Usemi `(kama (ndogo 3 4) e_1 e_2)` hautapiga hatua iwapo sarufi ya `E` haina umbo `(kama E e e)`, kwa kuwa hakuna tundu linaloruhusu kazi ifanyike ndani ya sharti. Kila neno jipya linaloongezwa kwenye lugha linadai uamuzi kuhusu `E`: ni sehemu zipi zinakokotolewa kwanza, na zipi zinangoja. Matawi mawili ya `kama` hayapaswi kuwa na tundu hata kidogo, vinginevyo tawi lisilochaguliwa nalo litaandika katika ghala.

Sababu nyingine inatokana na Racket yenyewe. Alama ya `/` katika Racket haikati sehemu ya desimali wala haitoi namba ya kukadiria. Ukigawa 7 kwa 2 unapata sehemu kamili 7/2. Ikiwa kanuni ya `gawa` imeandikwa kwa `/`, hatua ya kwanza itafanikiwa, na hatua inayofuata itakwama, kwa sababu 7/2 si `integer` na sarufi haiijui. Anayetafuta kosa mahali usemi ulipokwama atahangaika bure, maana kosa limefanyika hatua moja nyuma. Weka `#:domain e` katika kila `reduction-relation`, yaani kundi la kanuni za upunguzaji. Kwa kufanya hivyo Redex italalamika papo hapo pindi kanuni inapozalisha kitu kilicho nje ya lugha, na utatajiwa usemi uliohusika.

## Kielelezo hakimalizi, au kinarudisha orodha tupu

Ukiita `apply-reduction-relation*` nayo ikarudisha orodha isiyo na kitu, usidhani kuwa usemi umepotea. Amri hiyo hurudisha semi zisizopungua tena. Orodha tupu ina maana kwamba hakuna mwisho uliopatikana, yaani usemi unazunguka. Sababu ya kawaida ni kusahau alama ya mkato (`,`) inayoingiza msimbo wa Racket:

```
(--> (jumlisha n_1 n_2)
     (+ n_1 n_2))
```

Hapa upande wa kulia haujumlishi chochote. Unajenga usemi mpya wenye alama ya `+`. Kama lugha yako inatumia `+` badala ya `jumlisha`, usemi utajirudia wenyewe bila kikomo, na katika picha ya `traces`, inayochora kila hatua, utauona ukiwa na mshale unaojirudia. Kama haitumii, utakwama, na `#:domain` ingekuambia mapema. `test-->>` hukataa mizunguko isipokuwa umeiruhusu kwa `#:cycles-ok`, nami nashauri usiiruhusu mpaka uwe umeandika katika maelezo ni programu ipi ya lugha yako inayostahili kuzunguka.

Kuendelea bila mwisho na bila kurudia usemi uleule ni jambo tofauti. Fanksheni inayojiita yenyewe bila kikomo, huku usemi ukizidi kurefuka, haitagunduliwa kama mzunguko kwa sababu hakuna hatua mbili zinazofanana. Kumbukumbu ya kompyuta itajaa. Katika hali hiyo tumia `stepper` na usonge hatua chache kwa mkono, ukitazama ni sehemu gani ya usemi inayokua.

## Usemi mmoja, majibu mawili

Kuna sababu mbili, na zinatenganishwa kwa kutazama picha ya `traces`. Ikiwa njia zinagawanyika kisha zinakutana tena, muktadha wako unaruhusu mpangilio zaidi ya mmoja wa ukokotoaji. Ikiwa zinagawanyika zisikutane tena, huenda kanuni mbili zinapishana juu ya usemi uleule, au mpangilio huo unagusa ghala.

Kupishana kwa kanuni hutokana na mazoea ya lugha za kawaida, ambamo masharti hujaribiwa kutoka juu kwenda chini. Mtu anaandika kanuni ya `(kama kweli e_1 e_2)` inayotoa `e_1`, kisha anaandika `(kama v e_1 e_2)` inayotoa `e_2`, akidhani ya pili itatumika pale tu ya kwanza inaposhindwa. Katika `reduction-relation` kanuni zote zinazolingana hutumika, na `kweli` nayo ni `v`, yaani thamani, kwa hiyo mkulima mmoja anapata malipo mawili. Mambo ni kinyume katika `define-metafunction`, inayoandika fanksheni saidizi za kielelezo (metafanksheni), ambamo vifungu hujaribiwa kwa mpangilio na cha kwanza kinacholingana ndicho kinachotumika. Katika `define-judgment-form`, inayoandika hukumu kama zile za aina, hali ni kama ya kanuni za upunguzaji: zote huhesabiwa. Ni vizuri kuyashika mambo haya matatu kwa moyo, kwa sababu msimbo wake unafanana kwa macho na maana zake zinatofautiana kabisa.

Mpangilio wa ukokotoaji unahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Ukiandika muktadha wenye `(E e)` na `(e E)` kwa pamoja, umeruhusu upande wowote uanze. Kwa lugha isiyo na ghala majibu ya mwisho yatafanana na hutaona tatizo, ila idadi ya hatua itaongezeka kwa kasi na `traces` itakuwa msitu. Mara tu `andika` na `soma` vinapoingia, majibu yanaachana: kusoma jumla ya msimu kabla ya kuongeza mzigo wa leo na kuisoma baada ya kuongeza ni mambo mawili. Kuandika `(v E)` kunalazimisha kushoto kutangulia. Wenye K wana chaguo hilohilo kati ya `strict`, isiyoamua mpangilio, na `seqstrict`, inayolazimisha kushoto kwenda kulia. Lugha zenyewe hazikubaliani: Java inaagiza hoja zikokotolewe kutoka kushoto kwenda kulia, ilhali C haiagizi. Kwa lugha ya kulipa watu sioni sababu yoyote ya kuacha jambo hili wazi.

## Jina limeshika thamani isiyo yake

Makosa ya kubadilisha kigeu kwa thamani yake yana sura mbili, na ni muhimu kuzitenganisha kwa sababu jaribio linalokamata moja haliwezi kukamata nyingine.

Sura ya kwanza ni jina la ndani kupuuzwa. Chukua usemi huu:

```
(acha bei 650
  (acha bei 700
    bei))
```

Jibu ni 700. Ukipata 650, metafanksheni yako ya kubadilisha imeingia ndani ya `acha` ya pili na kubadilisha `bei` isiyo yake. Mara nyingi kifungu sahihi kipo, ila kimewekwa chini ya kifungu cha jumla, na kwa kuwa vifungu hujaribiwa kwa mpangilio, hakifikiwi kamwe. Kosa hili huonekana upesi katika programu kamili za kawaida.

Sura ya pili ni kutekwa kwa kigeu, na hii hujificha. Fikiria kuwa `bei` imekwisha kutajwa nje, kisha tuna:

```
(acha kato bei
  (fanksheni (bei)
    (toa bei kato)))
```

Ukiweka `bei` mahali pa `kato` bila tahadhari, unapata `(fanksheni (bei) (toa bei bei))`. Bei ya nje imetekwa na jina la fanksheni, na kila mkulima atakayepimiwa mzigo atalipwa sifuri. Jambo linalostahili kuzingatiwa ni kwamba hutaliona kosa hili ukiendesha programu kamili hatua kwa hatua. Lugha inayokokotoa hoja kwanza, na isiyoingia ndani ya fanksheni kabla ya kuitwa, huweka thamani tu mahali pa vigeu, na thamani katika programu kamili hazina vigeu vilivyo huru, kwa hiyo hakuna cha kutekwa. Kosa linaibuka siku unapoongeza hatua ya kurahisisha programu kabla ya kuiendesha, ambayo huweka usemi, badala ya thamani, mahali pa jina. Mtu huona majaribio ya zamani yote yanapita na kuhitimisha kuwa kirahisishi ndicho kibovu, wakati ubovu umekaa ndani ya ubadilishaji tangu mwanzo.

Tiba ni kutojiandikia ubadilishaji. Tangaza mafungamano ya majina katika `define-language` kwa `#:binding-forms`, kwa maumbo `(fanksheni (x) e #:refers-to x)` na `(acha x e_1 e_2 #:refers-to x)`, na utumie `substitute` ya Redex. Umbo la pili linasema jambo ambalo linafaa kusomwa polepole: `x` inatawala `e_2` peke yake. Ukiliweka tangazo hilo baada ya `e_1` badala ya `e_2`, umebadilisha maana ya `acha` katika lugha nzima.

Baada ya kufanya hivyo, jaribio lililokuwa linapita linaweza kuanza kushindwa, huku matokeo yakionyesha majina kama `bei«0»`. Hilo si kosa. Redex imelipa jina upya ili lisitekwe, na kwa kuwa jina la ndani halina maana ya pekee, linganisha semi kwa `alpha-equivalent?` badala ya kulinganisha herufi.

Kagua pia `x` imeelezwaje. Ukiandika `variable` peke yake, neno `kama` au `acha` linaweza kuhesabiwa kuwa kigeu, na majaribio nasibu yatakuletea programu ambazo karani hawezi kuziandika. `variable-not-otherwise-mentioned` huyaondoa maneno yote ya lugha katika orodha ya majina.

## Majaribio yote yanapita

Naiweka hii kuwa dalili, tena ile inayohitaji kazi kubwa kuliko zote. Kwa chaguo-msingi `redex-check` hujaribu semi 1,000 na kisha kutangaza kuwa haikupata mfano kanushi, yaani usemi unaolivunja dai. Sentensi hiyo inasomeka kama cheti, lakini ina maana finyu sana, nayo inategemea semi hizo 1,000 zilikuwa zipi.

Dai la msingi la lugha yenye aina, kwa njia iliyoenezwa na Wright na Felleisen mwaka 1994, lina sehemu mbili: usemi wenye aina halali ama ni thamani ama unaweza kupiga hatua, na ukipiga hatua aina yake inahifadhiwa. Ukiliandika kwa `redex-check`, dai linakuwa na umbo la "kama usemi una aina, basi". Sasa angalia kinachozalishwa kwa nasibu kutoka kwenye sarufi: `(kama 3 (fanksheni (q) q) (gawa z z))`, `(7 (acha f f f))`, na mengine ya namna hiyo, yenye vigeu visivyotangazwa na namba zinazoitwa kama fanksheni. Karibu yote hayana aina. Sharti likiwa si kweli dai linapita bila kupimwa, na yale machache yenye aina huwa ni namba tupu au fanksheni ya mstari mmoja. Jaribio limeendeshwa mara 1,000 na mfumo wa aina haujaguswa.

Anza kwa kuhesabu. Weka kihesabuji ndani ya dai kinachoongezeka pale tu usemi unapokuwa na aina halali, na uchapishe jumla yake mwishoni. Usikiweke ndani ya metafanksheni, kwa kuwa Redex huhifadhi majibu ya metafanksheni na wito wa pili wenye hoja zilezile unaweza usiendeshe msimbo wako kabisa. Kisha tumia `make-coverage` na `relation-coverage`, na usome `covered-cases`, inayoonyesha kila kanuni imetumika mara ngapi. Kanuni yenye sifuri haijajaribiwa, haijalishi ni semi ngapi zimepita.

Baada ya kujua ukubwa wa pengo, kuna njia kadhaa za kuliziba, na hakuna moja inayotosha. `#:source` huzalisha semi kutoka upande wa kushoto wa kila kanuni, kwa hiyo kila kanuni hupata zamu yake. Hufaa sana kwa dai la kuhifadhi aina. `#:prepare` hukuruhusu kurekebisha kila usemi kabla haujajaribiwa, kwa mfano kwa kuvifunga vigeu vyote vilivyo huru kwa `acha` zenye kilo au shilingi. `#:satisfying` huzalisha moja kwa moja semi zinazotimiza hukumu ya aina, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko nyingine, ila hukumu yako lazima iandikwe kwa ruwaza safi. Ukiwa umeingiza msimbo wa kawaida wa Racket ndani ya masharti yake, itakataa. Ninapendelea kuandika upya hukumu ya aina iwe safi kuliko kuikosa njia hii. Hatimaye unaweza kuandika kizalishaji chako mwenyewe, kinachoanza na aina na kujenga usemi wa aina hiyo. Ni kazi ya siku kadhaa, na kwa lugha yenye ghala inalipa.

Halafu jaribu majaribio yako. Chukua nakala ya kielelezo na utie kosa kwa makusudi: ruhusu Kilo ijumlishwe na Shilingi, ondoa sharti moja katika kanuni ya `andika`, geuza matawi ya `kama`. Endesha majaribio kila mara unapotia kosa moja. Kosa lisilokamatwa linakuonyesha sehemu ya lugha ambayo hakuna anayeilinda. Redex yenyewe inakuja na mkusanyiko wa vielelezo vilivyotiwa makosa namna hii, kwa ajili ya kupima mbinu za kuzalisha semi, na kuupitia ni shule nzuri.

Asiyeamini kuwa kazi hii ina tija azingatie kilichotangazwa mwaka 2012, pale wajenzi wa Redex na wenzao walipochukua makala tisa za ICFP, mkutano wa kitaaluma kuhusu lugha za kifanksheni, wa mwaka 2009, wakaziandikia vielelezo, na kukuta makosa katika zote tisa. Waandishi wa makala hizo ni wataalamu, na makala zilikuwa zimepitiwa na wataalamu wengine.

Wakati mwingine mfano kanushi unapatikana na kila kitu ni sahihi isipokuwa dai. `(gawa 5 0)` una aina halali, si thamani, na hauna hatua. Pengine hutaona hata mfano kanushi, bali kosa la Racket likikatiza jaribio zima, kwa sababu `quotient`, fanksheni ya Racket ya kugawa namba kamili, imeitwa kwa sifuri kabla Redex haijasema lolote. Usiifiche hali hiyo kwa kuamua kuwa kugawa kwa sifuri kunatoa sifuri. Ongeza matokeo ya tatu katika lugha, `kosa`, eleza jinsi linavyopanda kupitia `E` hadi juu, na uandike dai upya: usemi wenye aina ni thamani, au ni `kosa`, au unapiga hatua. Karani anastahili kuambiwa kuwa hesabu imeshindikana kuliko kupewa namba.

## Kielelezo na programu ya simu havikubaliani

Kielelezo kinaweza kuwa sahihi ndani yake na bado kisifanane na lugha inayoendeshwa. Njia ya kupima ni kuzipeleka programu zilezile pande zote mbili na kulinganisha majibu. Ndivyo walivyofanya wajenzi wa λJS mwaka 2010, waliopima kielelezo chao cha JavaScript kwa majaribio ya Mozilla. Katika lugha ya malipo, tofauti zinazojitokeza kwanza ni za hesabu.

Mzigo wa kilo 47 kwa bei ya mfano ya shilingi 650 una thamani ya shilingi 30,550. Makato ya asilimia 3 yakikokotolewa kwa kuzidisha kwanza kisha kugawa kwa 100 ni shilingi 916, sehemu ya desimali ikikatwa. Kwa kugawa kwanza kisha kuzidisha ni 915. Kanuni zote mbili zinaweza kutetewa, ila kielelezo na simu vikichagua tofauti, daftari la chama halitafunga. Kwa namba hasi, `quotient` ya Racket hukata kuelekea sifuri, kwa hiyo -7 kugawa 2 ni -3, kama ilivyo katika Java. Alama ya `//` ya Python hushuka chini na kutoa -4. Mkulima mwenye deni la pembejeo ndiye atakayeiona tofauti hiyo.

Namba kamili za Racket hazina kikomo, ilhali `Int` ya Kotlin, lugha ya kuandikia programu za simu, ina biti 32 na inaishia 2,147,483,647. Ikizidi hapo inageuka kuwa hasi bila onyo. Kwa bei ya mfano ya shilingi 8,000 kwa kilo, takribani tani 268 za kahawa zinaufikia mpaka huo, kiasi ambacho jumla ya msimu wa ghala moja inaweza kuvuka. Hapa kielelezo kinapaswa kushuka kufuata mashine, au mashine ipandishwe hadi `Long`. Tulichagua la pili, na tukaacha jaribio lenye jumla kubwa kuliko mpaka wa `Int` ndani ya faili la majaribio ili atakayebadilisha aina hiyo baadaye azuiwe na jaribio.

## Kosa limeonekana jana, leo halionekani

Majaribio nasibu yanayoachwa usiku kucha huleta mfano kanushi ambao asubuhi haurudi, hasa umeme ukiwa umekatika na dirisha la matokeo limefungwa. Weka wewe mwenyewe mbegu, yaani namba inayoanzisha mfuatano wa namba nasibu. Redex ina kigezo `redex-pseudo-random-generator` kwa ajili ya hilo. Ichapishe mbegu hiyo kwenye faili kabla ya jaribio kuanza. Kila mfano kanushi uhifadhiwe kwenye faili papo hapo unapopatikana, kisha ugeuzwe kuwa `test-->>` au `test-equal` ya kudumu. Redex huanza na semi ndogo na kuzikuza kadiri majaribio yanavyosonga, kwa hiyo kosa lililopatikana usiku wa manane huwa ndani ya usemi mrefu. Upunguze kwa mkono, ukiondoa tawi moja kila mara na kuendesha dai tena, mpaka ubaki na usemi ambao kuondoa chochote zaidi kunalifanya kosa lipotee.